Baba aliposema "tunapanga nyumba", posa ya dada ikataka kuvunjika

Wakuu, salamu popote mlipo. Leo niko Kigoma, mwezi ujao sijui. Miguu yangu haijawahi kujifunza kutulia. Ila roho ilibaki Lubumbashi, na haya yalitokea nyumbani kwetu mtaa wa Hewa Bora, enzi za Zaire.

Sijatia chumvi. Siku zile chumvi yenyewe ilikuwa ya kutafuta.

Marehemu baba alikuwa mtunza stoo kwenye migodi ya shaba. Mzee alikuwa na mpangilio, wakuu! Hata soksi zake zilikuwa na zamu.

Dada yangu Béa alikuwa amechumbiwa na kijana wa familia ya wauza vitenge, watu wa Maniema, Waislamu. (Mambo ya dini walishayamaliza, msinichimbe.) Wakwe walikuwa waje Jumapili kuposa rasmi. Baba akaitazama sebule: dari imebonyea kwa mvua, kuta zimechubuka. Akatangaza ukarabati.

Mtu mwingine angeanza na fundi. Baba alianza na mkutano wa familia.

Akaamuru kila kitu kitoke nje na kiandikwe namba kwa chaki. Vitanda safu yake, viti safu yake, sufuria kwa ukubwa. Safu zikafika karibu na barabara. Mama alipotaka mwiko wa kusongea bukari, ugali wetu, aliambiwa ataje namba.

"Papa Béa, bakwe banakuja dimanche, na weye uko unaandika namba ku masufuria?"

"Ordre kwanza, mama. Bila ordre, kazi ni fujo."

Kufikia Alhamisi uwanja ulikuwa umenyooka kama gwaride. Ndani hakuna aliyegusa hata msumari. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti chenye namba, akingoja zamu yake.

Ndipo akapita Mzee Ramazani, mjomba wa mchumba, kuulizia saa ya Jumapili. Akaona vitanda vyetu nje.

"Kulikoni, mkwe?"

Baba, chaki mkononi, kifua mbele: "Tuko tunapanga nyumba, papa!"

Sasa wakuu, hapo ndipo penyewe. Kwetu Lubumbashi, kupanga ni kuweka vitu sawasawa, basi. Anayelipia nyumba ya mtu tunamwita lokatere. Lakini kina Mzee Ramazani walishika Kiswahili cha babu zao waliotoka pwani. Kwao, anayepanga nyumba ni mpangaji.

Na sisi tulishawaambia nyumba ni yetu!

Mzee akatazama vitanda, akamtazama baba, akasema, "Mungu atasaidia," akaondoka. Baba akaipokea kama baraka.

Jioni mchumba akaja anahema. "Béa, munafukuzwa? Mjomba anasema mulitudanganya, nyumba si yenu. Anataka posa isimame!"

Dada akaingia chumbani, akakaa sakafuni, maana kitanda kilikuwa nje. Tulimsikia akilia. Baba alifuta chaki kwenye suruali na kusema atakwenda kueleza kesho, kwa utaratibu.

Hakuwahi. Asubuhi Mzee Ramazani alikuwa mlangoni na wapwa zake wenye misuli, na mkokoteni.

"Nimelala na hasira, nimeamka nayo imepoa," akasema. "Mpangaji au mwenye nyumba, kijana wetu kashampenda binti yenu. Hatuachi wakwe barabarani. Mnahamia wapi?"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Hatuhame, papa! Bwana yangu iko napanga masufuria!"

Ikabidi aeleze mara mbili. Mzee akamgeukia baba taratibu. "Ndugu yangu, kumbe hapa kilichofukuzwa ni akili tu."

Akavua koti. Wapwa wakapanda darini na fundi, wengine wakachovya brashi kwenye chokaa. Baba alizunguka akilia, "Hapana, hicho ni cha chumba cha pili!" Hakuna aliyemsikiliza. Jumamosi jua linazama, kila kitu kilikuwa ndani, mahali pasipo pake. Jumapili Béa aliposwa, kabati la vyombo likiwa chumbani kwa wazazi.

Nilichojifunza: mpangilio ni mzuri, ila usiuache ule siku za kazi. Na ukipata mkwe anayedhani umemdanganya, halafu bado anakuja na mkokoteni akubebee vitanda, mpe binti yako haraka.

Nyie mliokarabati nyumba huku mnaishi humo humo, mlianzia wapi? Na kwenu "kupanga" ni kupi? Mwageni hapa, nitapita kusoma kabla sijahama tena.