Baraza la Mawaziri la Saluni Yetu

Watu wakiniuliza serikali ya Afrika Kusini inaendeshwaje, mimi hucheka moyoni, maana niliisomea katika saluni ya mtaa wa Yeoville, vidole vimejaa rasta za bandia, chai ya tangawizi inapoa pembeni. Shule kama ile sitaipata tena.

Tulikuwa wasusi wachache, wengi wetu kutoka Kivu, na Mrundi mmoja mshonaji aliyeweka cherehani yake karibu na mlango. Niliwakuta wamekwisha gawana wizara. Mwenye saluni, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alikuwa Mambo ya Ndani: vibali, hifadhi ya ukimbizi, foleni za alfajiri kule Pretoria, vyote vyake. Msusi mwenzangu mpole alikuwa Afya. Mshonaji alikuwa Kazi. Na dada mmoja mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, mwembamba wa Bukavu, mkavu wa maneno, alikuwa Elimu. Mteja akiuliza habari za shule, Elimu peke yake ndiye anayejibu. Sisi wengine tunasuka, midomo kimya. Ukidakia swali la wizara isiyo yako, jioni unafagia nywele za saluni nzima. Mimi nilifagia sana. Mdomo wangu haukuumbwa na breki.

Mwaka 2016 ulikuwa unaelekea mwisho. Binti yangu alikuwa amefikia umri wa darasa la kwanza, na alikuwa akishinda saluni anasuka kichwa cha mdoli. Shule zingefunguliwa mwezi wa kwanza. Kibali chetu kilikuwa kimekwisha na kipya hakijatoka. Usingizi ulinipotea. Asipoingia sasa, nilijiambia, ataota mizizi kwenye kigoda hiki. Nikaona nikiwangoja mawaziri wa saluni watanichelewesha.

Mimi ni mtu wa Uvira. Kwetu serikali ni moja: unamtafuta mkubwa, unamsalimia vizuri, unaeleza shida yako, yeye anatuma mtu. Basi nikavaa kitenge cha sikukuu, nikamshika mtoto mkono, nikateremka hadi Marshalltown, katikati ya jiji, na kuingia jengo la kwanza nililoliona lina bendera kubwa. Nikamwambia sekiriti wa mlangoni nataka kumwona chefu, mkubwa wao.

"Wa idara gani, mama?"

"Wa serikali," nikamjibu.

Eish, yule kaka alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe jengo lile ni la mambo ya madini! Nikarudi nimenuna, mtoto analia njaa.

Saluni nzima iliangua kicheko, isipokuwa Elimu. "Sikia, mdogo wangu," aliniambia. "Hapa kila idara ni nyumba yake. Wa madini hawezi kumtuma wa shule. Na hao wa shule nao wamegawana: Pretoria wanatunga sheria, mkoa unaendesha, wilaya ndiyo inamtafutia mtoto nafasi. Tunaanzia wilayani."

"Bila kibali?" Mambo ya Ndani alipaza sauti. "Asubiri kitoke. Haraka haraka haina baraka!"

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," Elimu akajibu, akaweka chanuo chini.

Weee! Hatukuwahi kuona wizara mbili zikigombana mbele ya wateja. Mambo ya Ndani alisema tutafukuzwa kama kuku, na aibu itakuwa ya saluni yote. Elimu akasema karatasi inaweza kukaa ofisini, mtoto yeye anakua. Mteja mmoja, kichwa kimesukwa nusu, akaomba amaliziwe kwanza. Nani wa kumsikia? Mwishowe Afya akauliza taratibu kama mtoto amechanjwa. Amechanjwa, nikasema, kadi ya kliniki ninayo. "Basi nendeni na kadi hiyo, na kibali kilichokwisha, na mtoto mwenyewe." Mambo ya Ndani alinuna mpaka jioni, lakini asubuhi yake ndiye aliyetufungia maandazi ya njiani. Nilimpenda yule mama.

Elimu aliacha wateja wake akaenda nami. Wilayani tulikaa kwenye benchi, wala hatukumwulizia mkubwa yeyote. Zamu yetu ilipofika, mama wa dirishani aliitazama kadi, akamtazama mtoto, akasema atamwandikisha kwa masharti, kibali kifuate. Nilipiga kigelegele palepale. Sekiriti akaniomba nitulie.

Saluni ile haipo tena, na mawaziri wangu wametawanyika. Mmoja yuko Durban, mwingine amerudi kwao. Nawakumbuka mno, hata kelele zao. Lakini siku inayonirudia zaidi ni ile ya kwanza ya shule. Elimu alitusindikiza. Binti yangu aliingia getini anarukaruka, sketi ya sare inampwaya, hakugeuka nyuma hata mara moja. Nikajiandaa kulia.

Elimu akaniwahi. Yule mkavu wa maneno alishika nondo za geti akalia kwa sauti, mpaka wazazi wengine wakatugeukia.

"Yaya, kuna nini?"

"Mwanangu alikaa nyumbani mwaka mzima," alisema. "Nikimwambia tungoje karatasi. Na kila asubuhi ananawa uso, ananiuliza kama ni leo."