Machicha kwa Ng'ombe wa Mzee wa Kanisa

Nakumbuka asubuhi moja kule Kebirigo, mwanangu, nikiwa bado msichana kwa baba yangu, mama alipotoka zizini akainamisha ndoo ili nione. Maziwa yalifunika chini tu. Ng'ombe wetu wa gredi, yaani wa kisasa wa maziwa, alikuwa fahari yetu, na sasa alitegemewa na mtoto mchanga wa kaka yangu, kwa sababu wifi aliugua baada ya kujifungua na maziwa yake yakakatika.

Mimi nilijua la kufanya, na sikuwa mtu wa kunyamaza. Kwa mama mdogo, kule Nyamache, nilikuwa nimeona ng'ombe wakipewa machicha ya pombe, yale mabaki ya wimbi baada ya pombe kukamuliwa. Chachu iliyomo huamsha tumbo la ng'ombe, akala majani kwa hamu, akanywa maji sana, na maziwa yakaongezeka. Jirani yetu Nyaboke alipika pombe, na machicha aliyamwaga tu migombani.

Shida ilikuwa baba. Tata, kama tulivyomwita, alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato. Pombe haikutajwa nyumbani kwake.

"Machicha?" akauliza, akiweka chini kikombe cha uji. "Moraa, unataka watu waseme boma langu linanuka pombe?"

Kaka akatazama sakafu. Mama akanikonyeza ninyamaze. Mimi nikavuta kigoda, nikakaa karibu na miguu yake, nikapunguza sauti.

"Tata, ng'ombe hakubatizwa. Na mtoto analia."

Mama akashika mdomo. Tata alinikazia macho, halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka!

"Haya, jaribu," akasema. "Lakini nikisikia harufu ya pombe kwenye maziwa, basi."

Nilianza na konzi moja, nikachanganya na nyasi, nikampa baada ya kukamua ili harufu isiingie kwenye maziwa. Kaka alitaka kumwaga ndoo nzima. Nikamzuia, maana tumbo la ng'ombe likishtuliwa huvimba, na ng'ombe hufa hivihivi ukimwona. Machicha yaliyoota ukungu niliyatupa. Kila asubuhi nilitazama kinyesi chake kwanza, nione kama tumbo liko sawa, ndipo niongeze.

Pole pole ndoo ikawa nzito. Mtoto akanona mashavu. Tata akanusa maziwa, akaonja, akanusa tena, akamaliza kikombe.

Kisha siku ya soko, njia imejaa watu, nikamwona anatoka kwa Nyaboke na debe la machicha begani. Muumini mwenzake akamsimamisha.

"Mzee, umebeba nini hicho?"

"Chakula cha ng'ombe wangu," Tata akajibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Pitia jioni unywe chai ya maziwa."

Mwanangu, siku hizi mnaletewa vyakula vya kuongeza maziwa ya ng'ombe, vingine vya chachu, vikiwa kwenye chupa na pakiti. Sivikatai. Uliza vina nini ndani, anza na kidogo, na umwamini mnyama wako kuliko mdomo wa muuzaji. Majani na maji yasipungue, maana bila hayo chachu haina kazi. Na ukijua jambo la kufaa watu, liseme mbele ya wakubwa. Kwa adabu, lakini liseme.

Mungu akujalie zizi lenye afya na watoto walioshiba. Na siku utakapokuwa mzee wa boma, akupe masikio ya kumsikiliza binti yako.