Mama Aliketi wa Kwanza

"Babu yako alikuwa mtoto wa nani?"

Kasisi aliniuliza mbele ya watu wote, katika ukumbi wa kanisa letu kule Tottenham.

Tangu astaafu aliacha kutuhubiria, akaanza kutuchimba. Kila familia iliyotoka kwetu, vijiji vya nyuma ya Mombasa, aliutafuta ukoo wake. Mara moja kwa mwaka, baada ya ibada, alitusomea. Familia ilisimama jina la kwanza likitajwa, ikaketi majina yakiisha. Alianza na ya kwake, nayo ilisimama mpaka pilau ikapoa.

Mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa nimetoka chuo kikuu na sikukubali neno lisilo na ushahidi. Tulisomwa kwa upande wa mama, maana baba hakuwa mtu wa kwetu. Mama alisimama na sare yake ya unesi chini ya koti. Kasisi akamtaja yeye, akamtaja baba yake, akanitupia swali lile, akakunja karatasi.

"Basi. Hapo ndipo panapoishia."

Mama akaketi. Hakuna aliyewahi kuketi upesi hivyo. Shangazi mmoja akacheka: "Msomi wetu, kumbe kwenu ni kufupi!"

Nilimfuata kasisi kwenye meza ya chakula.

"Kwa wenzetu umefika mpaka kwa mwizi wa mbuzi. Kwetu umeshindwa na jina moja?"

"Mwanangu, sisomi nisilolijua."

"Umelitafuta?"

Akaitazama sahani yake. Mama ndiye aliyekuwa akimpakulia kwa kijiko kikubwa, tena nyama nzuri nzuri. "Ongeza kidogo, Kasisi," akamwambia, kama vile mimi sipo. Nilitoka bila kula. Nilimchukia kasisi kwa jina alilolikosa, na mama kwa kile kijiko. Sikurudi tena kwenye kusomewa.

Miaka mingi baadaye tulimzika kasisi. Tukiwa kwenye basi, tunarudi, nikamwambia mama kwamba yule mzee alikufa bila kunijibu.

"Alijua," mama akasema, macho dirishani. "Na mimi nilijua."

Akaniambia kuwa babu yangu alikuwa mtoto wa babu yake kasisi. Mama yake babu yangu alikuwa msichana ambaye watu wake walimtoa kwenye nyumba ile mwaka wa njaa, kwa kapu la mtama.