Mahali Wanapoita Watu

Kule Kivu ya Kusini nilikuwa mwalimu wa jiografia, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la vimbunga. Darasani wamejaa watoto wa milimani ambao hawajawahi kuiona bahari, nami nawaeleza: bahari ikipata joto sana, mvuke hupanda kama wa sufuria jikoni, hewa ya pembeni hukimbilia kujaza nafasi iliyoachwa, na kwa kuwa dunia inazunguka, hewa hiyo haiji moja kwa moja, huja ikipinda, mpaka yote inakuwa gurudumu moja linalotembea juu ya maji. Katikati ya gurudumu ni shwari. Kikifika bara, kimbunga hunyimwa maji ya moto, kikafa. Kwenye mtihani walikuwa wakipata wote, nami nikijisifu. Sikuwahi kujiuliza kisiwa kidogo kinafanyaje. Kisiwa hakitoshi kukiua kimbunga. Kimbunga kinapita juu yake na nguvu zake zote, kisha kinaendelea na safari.

Siku hizi nauza vitenge Mbarara, katika duka la hajati mmoja, mwanamke aliyekwenda kuhiji, na mama yangu yuko katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, katika nyumba ya udongo tuliyojijengea tulipofika. Mdogo wangu, aliyeniita yaya kama kwetu mtu anavyomwita mkubwa wake, alikuwa akiishi naye pale, ila alichoka kungoja. Akavuka Tanzania, akapanda boti mpaka Komoro, na kutoka huko akaingia Mayotte, kisiwa cha Wafaransa, kwa sababu alijua Kifaransa na aliambiwa kwamba huko mtu akiomba hifadhi anajibiwa upesi. Hakujibiwa. Alipata mke, Mkongomani mwenzetu aliyekwishapata karatasi zake, wakazaa msichana, wakajenga kibanda cha mabati kilimani, katikati ya vibanda vya wengine wasio na karatasi.

Kimbunga chenyewe nilikiona kwenye televisheni ya dukani. Doa jeupe mashariki ya ncha ya kaskazini ya Madagaska, linasogea magharibi. Mtangazaji alikuwa anatabasamu, sijui akitabasamia nini. Miaka yote nilikichora ubaoni kwa chaki na sasa nilikiona kikienda kwa mtu wangu. Hajati alinikuta nimesimama na kitenge cha mteja mkononi.

"Mwalimu, hiyo upepo inaenda kwa ndugu yako?"

"Inaenda."

"Basi wewe enda kwa mama. Duka haikimbii."

Nilimkuta mama anachambua maharagwe. Nikapiga simu, nikaweka sauti ya juu ili naye asikie. Mdogo wangu alisema gari lenye kipaza sauti limepita mtaani kwao, linawaambia watu wote wa vibanda vya mabati waende kulala shuleni, shule ya zege. Alikuwa bado hajaamua. Mama akaninyang'anya simu.

"Usiende," akasema. "Fasi banaita batu bakusanyike, usiende. Baba yako alienda."

Fasi kwetu ni mahali; mengine yataka maelezo. Kijijini kwetu walipita watu wenye bunduki wakitangaza mkutano, kila mtu aje kanisani. Baba alikuwa mtu wa mikutano, akavaa koti lake akaenda. Mama alikataa. Alimfunga mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, tukalala katikati ya mihogo. Walioenda kanisani hawakurudi hata mmoja. Kwa hiyo mimi ni mzima kwa sababu mama hakutii mwito, na kubishana na mwanamke wa namna hiyo si kazi nyepesi. Nilijaribu.

"Mama, ile ni upepo. Upepo haina bunduki."

"Na polisi ya kule, haina bunduki? Mutoto hana karatasi. Batamukamata pale pale, bamurudishe."

Hata huko Mayotte majirani wa mdogo wangu walikuwa wakisema hivyo hivyo, kwamba shule ni mtego. Mama alinirudishia simu, akarudi kwenye maharagwe yake. Kwake jambo lilikuwa limekwisha.

Mimi nilitoka nje na simu. Nilimfundisha mdogo wangu somo lote, kwa kupayuka, majirani wakichungulia: kwamba bati likikatika linaruka kama panga, kwamba ule utulivu wa katikati ni wa uongo, upepo unarudi kutoka upande wa pili na nguvu zile zile. Alikataa. Mke wake alimbeba mtoto wakaenda shuleni, kwa kuwa yeye alikuwa na karatasi na hakuogopa mtu. Mdogo wangu akabaki kufunga paa kwa kamba na mawe. Baadaye simu yake haikupatikana tena.

Siku zilipita bila mtandao kule kisiwani. Shemeji, yule mke wake, aliponipata kwa simu nilikuwa dukani. Walimkuta chini ya mabati, si hata ya nyumba yao. Mtaa mzima ulikuwa umelala chini. Shule ilipoteza vioo tu. Watu walilala chini ya madawati, mvua ikawapiga, wakatoka wazima. Hakuna polisi aliyeuliza jina la mtu. Nililia mbele ya wateja, hajati akawatoa nje akafunga mlango.

Njiani kwenda Nakivale nilimchukia mama. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilipanga kumwambia kila kitu, neno kwa neno, nimuone akisikia. Lakini alipouona uso wangu alijua, akaketi chini palepale mlangoni, na wanawake wa kanisa wakaja kumshika. Alipochoka kulia aliniita karibu, akauliza habari za ile shule.

"Na balioenda ku masomo?"

"Polisi ilibabeba, mama," nikasema. "Bote."

"Na muke wake?"

"Alilala kwa pastere, mu nyumba ya matofali."

Alitikisa kichwa polepole. "Basi alifia kwake," akasema, na nikaona amepata kitu cha kushikilia. Nilimwomba shemeji asimwambie lolote. Shemeji hakupenda, ila alikubali.

Lakini bahari ilikuwa bado ya moto, na bahari ya moto haitosheki na kimbunga kimoja. Baada ya wiki chache kikaonekana kingine, njia ile ile. Nilikuwa Nakivale, tumetoka kanisani. Simu yangu ililia mezani na mama akaipokea kabla yangu, akaweka sauti ya juu.

"Mama, banasema upepo ingine inakuja," shemeji akasema. "Tunaenda ku masomo na mutoto."

"Hapana!" Mama alisimama. "Unataka bakubebe na wewe? Kimbia na mutoto, mujifiche!"

Nilinyoosha mkono kuchukua simu. Mama akanigeuzia mgongo. Shemeji akasema taratibu, kama mtu anayemwomba mwenzake msamaha.

"Mama, ile siku tulilala mule mimi na mutoto. Hakuna mutu alibebwa. Bote benye kuwa mule tulipona."

Mama hakuuliza mara ya pili. Alishika meza.

"Muende," akasema. "Muende sasa, musingoje giza. Mubebe maji ya mutoto."

Akaiweka simu mezani, akaketi. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Hakunitukana. Alikuwa anatazama sakafu.

"Ile siku nilikurudishia simu, ukatoka nayo inje," akasema. "Alisema nini?"

Nilimdanganya mara moja, na uongo huo nusura umrudishe mjukuu wake chini ya mabati. Sikuweza tena.

"Nilimupigia kelele aende. Akacheka kidogo. Akasema: 'Yaya, wacha kelele. Mama hajakosea hata siku moja.'"