Bi Mwanakheri na Kisima cha Waliozoea

Mavyaa wangu, Bi Mwanakheri binti Silima, mama yake mume wangu, alikuwa mkunga. Hakusomea hospitali. Alifunzwa na shangazi yake kwao Tumbatu, na alipoolewa mjini akaja na kazi yake hiyo hiyo. Mimi niliingia nyumbani kwake mwaka 1965, bibi harusi niliyemaliza darasa la nane, na jambo la kwanza lililotugombanisha lilikuwa sufuria ya maji.

Nilikuwa nikichemsha maji ya kunywa, kama tulivyofunzwa skuli. Yeye akinicheka mbele ya wageni.

"Mkamwana wangu Shemsa anapika maji," akiwaambia. "Biriani hajui, lakini maji anayapika yakaiva."

Wageni wakicheka, na mimi nikicheka nao, ningefanya nini.

Alipozaliwa mwanangu Tabia, kwa mikono ya Bi Mwanakheri mwenyewe, ugomvi ukazidi. Mtoto alipoanza kutambaa, bibi yake alimwachia uwanja wote wa uani, pamoja na mbuzi wawili na kuku wasio na idadi. Nikitoka jikoni namkuta ana mchanga mdomoni. Nikikimbilia kumfuta, nakatazwa.

"Mwache! Mtoto asiyekula mchanga hakui. Gharib mumeo kala mavi ya kuku, na leo mtazame."

Gharib alikuwa mchukuzi bandarini, kifua kama mlango. 

Nitasema kweli: katika hilo la uani hakuwa mjinga. Tabia alikaa na wale mbuzi, akalala ubavuni mwao, akalambwa uso, na sikuona ugonjwa uliotoka kwao. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi Mwalimu Simai, aliyewafungia wanawe ndani na kuwavisha viatu hata chumbani. Wanawe walikuwa na mafua ya daima, wakijikuna na kupiga chafya vumbi likitimka kidogo tu. Kama sababu ni ile kufungiwa, au walizaliwa hivyo, mimi sijui. Lakini mtaa mzima uliwaona, na mtaa ukajitungia sheria yake: uchafu unakomaza mtoto. Sheria ile ndiyo iliyokuja kutuua.

Mtaa wetu ulikuwa ubavuni mwa Kikwajuni, na tulikuwa na mfereji mmoja wa maji ya bomba kwa nyumba zaidi ya thelathini. Siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka 1968, mfereji ukakauka. Tulikwenda ofisini, tukaambiwa kuna kipuri kimeagizwa. Tukarudi baada ya Idi; kipuri bado. Watu wakafungua kisima cha zamani nyuma ya msikiti, ambacho hakikutumika tangu mfereji uletwe. Kilikuwa hatua kumi na nne kutoka kwenye karo, shimo la maji machafu ya vyoo vya nyumba nne. Nilizipima hatua zile mwenyewe, baadaye, nilipokuwa natafuta mtu wa kumlaumu.

Kiangazi kilipita salama. Masika ilipoingia, maji ya kisima yakapanda, yakawa na rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Mimi nikawa nachemsha kila tone. Kuni zilikuwa za shida, Gharib akinung'unika, lakini nilichemsha. Siku moja nikaenda foleni ya mchele tangu alfajiri hadi adhuhuri. Tabia akalia kiu. Bibi yake akachota kwenye mtungi ambao haujachemshwa, akampa kata nzima.

Siku ya pili mtoto alianza kuharisha maji matupu. Kufika jioni macho yamezama, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Tukamkimbiza hospitali. Huko nikamkuta jirani yetu Kazija na mwanawe Usi, wa miaka mitatu, amelazwa kitanda cha pembeni, hali ile ile. Usi alikuwa mtoto wa mchanga na matope, mnene, hajapata kuugua hata siku moja. Ndiye aliyekuwa akitolewa mfano mtaani.

Tabia alirudi nyumbani siku ya nne. Usi hakurudi.

Bi Mwanakheri alimkosha yule mtoto kabla ya maziko, kwa mikono ile ile iliyompokea. Aliporudi alikaa barazani hadi maghrib bila kuvua buibui.  Hasira niliyokuwa nayo, ningefungua kinywa, ingeteketeza nyumba. Alikuja mwenyewe jikoni, akasimama mlangoni.

"Mimi ndiye niliyempa Tabia maji," alisema.

"Nnajua, mama."

"Nlidhani kashazoea."

 Nilikuwa nakuna nazi, nikaendelea kukuna.

Baada ya wiki moja akaja bwana afya. Jina lake Msabah, kijana wa mjini, shati jeupe, ametoka kusoma ng'ambo karibuni. Alifuatana na Mzee Jecha, mkubwa wa tawi letu la chama. Wakatukusanya wanawake karibu na kisima. Watoto walikuwa wakikimbia matopeni, miguu mitupu, wakipiga kelele kama hakukuwa na maziko wiki iliyopita. Msabah akawatazama, akatabasamu.

"Shikamooni mama zangu," akaanza vizuri. Kisha akasema: "Msiwe na hofu. Mwili unaopigana na vijidudu kila siku hujifunza kupigana. Watazameni hawa. Nyinyi mshazoea. Mgeni akinywa maji haya ataumwa, lakini nyinyi miili yenu ina kinga yake. Hata chanjo ya ndui ndivyo inavyofanya kazi, unatiwa ugonjwa kidogo ili mwili uujue. Aliyefariki, Mungu amrehemu, huenda alikuwa dhaifu tangu kuzaliwa."

Kazija alikuwepo pale, yumo katika eda ya mwanawe, kama naweza kuiita hivyo, maana mama hana eda ya mtoto ila moyoni. Aliinamisha kichwa. Mzee Jecha akaitikia, "Naam, kweli kabisa, sisi wote tumekunywa kisima hiki na tupo."

Hapo ndipo nilipomsikia Bi Mwanakheri.

"Wewe Msabah, umesema Usi alikuwa dhaifu?"

"Nimesema huenda, bibi."

"Mimi ndiye niliyemtoa tumboni mwa mama yake. Alilia kabla miguu haijatoka. Dhaifu yupi huyo?" Akapandisha mkono wa kanzu yake, akamwonyesha kovu la chanjo begani. "Hii nlichanjwa na daktari. Alikuwa na kipimo chake, akanitia kadiri anayoijua. Kisima hiki nani anakipima? Leo kinatia kijiko, kesho kinatia kata. Nani kakupa ruhusa ya kuita mavi chanjo?"

Wanawake wakashtuka, wengine wakaziba midomo kwa leso. Msabah akawa mwekundu masikio. Mzee Jecha akasema mkutano umekwisha, na kuhusu mfereji, kipuri kinakuja.

Nilifikiri ataishia hapo. Usiku ule akaniomba daftari. Bi Mwanakheri hakusoma skuli, lakini alihitimu chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na Kiswahili chake alikiandika kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mdogo uliolala kama mchele uliopepetwa. Siku tano nzima akawa anaandika. Alikuwa anakumbuka kila mtoto aliyempokea mtaani petu tangu alipoanza: jina, mama yake, alizaliwa masika au kaskazi. Palipokuwa na shaka alikwenda nyumbani kwa mtu, akakaa mkekani, akauliza. Hakuuliza waliopo. Aliuliza waliozikwa, walikuwa na umri gani, na walikufa kwa nini.

Sikuwahi kujua mtaa ule ulikuwa na makaburi madogo mengi kiasi kile. Wanawake niliowazoea kwa vicheko walimtajia majina mawili, matatu, ambayo wala watoto wao wengine hawajapata kuyasikia. Mwanamke mmoja alisema hakuna, akamsindikiza hadi mlangoni, kisha akamkimbilia njiani kumwambia lipo moja.

Siku ya tano akaniita. Mwisho wa daftari alikuwa ameandika majina matatu ya watoto wake mwenyewe, kaka zake Gharib waliokufa kabla yeye hajazaliwa. Gharib hakujua kwamba walikuwa watatu. Alidhani ni mmoja.

"Kila siku nnakwambia mtazame Gharib," aliniambia. "Hawa ningekwambia uwatazame wapi?"

Kisha akanionyesha jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitarajia. Alikuwa amepanga majina kwa miaka. Miaka ya mwanzo, ya kisima, waliokufa kwa tumbo wamejaa ukurasa mmoja na nusu. Ulipoletwa mfereji, majina yakakatika kama uzi. Miaka kumi na moja, watoto wawili tu. Halafu mfereji ukafa, na katika masika moja peke yake, majina matatu: wachanga wawili waliozikwa bila mtaa kuulizia sababu, na la mwisho Usi.

"Na wote hawa," alisema, "wamecheza mchanga ule ule. Walokufa na walopona, wote wamekula mchanga wangu. Mchanga haukubadilika, Shemsa. Kilichobadilika ni maji."

Alilia. Mimi pia nililia, na hasira yangu juu yake ikapata njia ya kutokea, ikaenda kukaa panapostahiki.

Mkutano wa tawi ulikuwa Jumapili. Alikwenda na daftari lake, na mimi na Kazija tukamfuata. Ulipofika wakati wa mambo mengineyo akasimama, akalipeleka daftari hadi mezani, akamwekea Msabah, aliyekaa pale pamoja na Mzee Jecha, mbele yake.

"Wewe umesoma chuo, mwanangu, herufi hizi unazijua. Tusomee."

Msabah alisoma. Alianza kwa sauti ya ofisini, jina la mtoto na jina la mama. Kufika jina la tisa sauti ilishuka.  Kila jina likitajwa, kichwa kimoja upande wa wanawake kinainama. Kufika la kumi na sita akalifunga daftari.

"Hii ni kudra ya Mungu," alisema.

"Kudra naijua," Bi Mwanakheri alimjibu. "Nimezika wangu watatu nikasema kudra, nikanyamaza. Lakini umesema tuna kinga. Hao uliowasoma, kinga yao iko wapi? Unawaona walio hai ukasema wamezoea. Walioshindwa kuzoea hawapo matopeni uwaone, wapo chini."

Mzee Jecha akapiga meza. "Mwanakheri! Unataka kusema serikali inaua watoto?"

Wakati ule neno kama hilo halikuwa la mchezo. Nilimwona Gharib, upande wa wanaume, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Sikusema serikali," alijibu. "Nimesema kisima."

Akachukua daftari lake akatoka.

Kesho yake asubuhi wanawake wapatao ishirini tulikifunika kisima. Hatukumwomba mtu ruhusa. Tulilaza mlango mbovu wa nyumba iliyobomoka, tukarundika mawe juu yake, na kuanzia siku ile tukawa tunateka maji mtaa wa pili, mwendo wa kutoka jasho, huku wenyeji wa kule wakitusonya kwenye foleni. Wapo waume waliogomba. Mawe hayakuondolewa. Masika ile hatukuzika mtoto mwingine kwa tumbo, na mwaka uliofuata pia hatukuzika.

Na malipo yake ni nini? Bi Mwanakheri aliitwa ofisini asubuhi tatu mfululizo, akakalishwa kwenye benchi hadi adhuhuri bila ya kuulizwa swali hata moja, akaambiwa aende nyumbani. Siku ya nne akapewa barua. Niliisoma mimi. Ilisema kwamba kwa kuwa hana cheti, asizalishe tena, kwa sababu wakunga wa kienyeji ni hatari kwa usafi na afya ya watoto. Usafi! Mikono iliyopokea mtaa mzima ndiyo iliyokuwa chafu, na kisima kilichokuwa kikinywa karo ndicho chenye kinga. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimesoma barua nyingi za kijinga. Ile bado haijapata mwenziwe.

Aliitii barua kwa mdomo. Wanawake waliendelea kuja kupitia mlango wa uani, na yeye aliendelea kwenda, ila sasa kabla ya kumgusa mzazi mwenye uchungu alitaka maji yaliyochemka na sabuni, na asipoyapata haingii. Tabia alibaki kucheza na mbuzi. Nilipomtazama Bi Mwanakheri kuona kama atamkataza, alisema, "Mbuzi hana karo," akaendelea kupeta mchele.

Msabah nilikutana naye mara moja, Darajani, mwaka 1971. Alinisalimu, akauliza hali ya bibi. Alisema aliandika ripoti kuhusu kile kisima na akapewa onyo kwa kuiandika. Huenda ni kweli. Nilimwambia bibi hajambo, nikaenda zangu. Sikuwa na samahani ya kumpa, ilikuwa si yangu. Ilikuwa ya Kazija.

Mfereji ulitengenezwa mwaka huo huo. Haukutengenezwa kwa ajili ya daftari, wala kwa ajili ya watoto. Wageni wakubwa walikuwa wapitishwe barabara yetu kuelekea kwenye sherehe, na ikaonekana si vizuri wakute foleni ya wanawake na ndoo. Kile kipuri cha miaka mitatu kilipatikana kwa siku mbili. Mafundi walikuja asubuhi, kufika alasiri maji yakatoka, na watu wakapiga vigelegele, Mzee Jecha akatoa hotuba fupi.

Kazija alikwenda na ndoo yake, akateka, akajitwika, akapita katikati ya watu wanaopiga makofi, akaingia ndani na kufunga mlango.