Spika Mbili za Pikapu

Kila nikilehemu waya na moshi wa risasi ukaniingia puani, hulisikia na vumba la samaki. Pikapu ya baba ilibeba samaki kutoka pwani ya Tumbe. Kiti cha mbele kilikuwa cha wakubwa; mimi nilipanda nyuma na matenga.

Siku moja baba aliunga spika mbili mpya kwenye redio iliyokuja na gari. Kasida ikatoka nyembamba, dufu halisikiki.

“Redio hino mbovu,” akasema, bisibisi mkononi. “Naing'oa.”

“Ngoja kwanza, baba.”

Nilizichomoa spika, nikagusisha betri ya tochi kwenye waya zake, nyekundu juu, nyeusi chini. Karatasi ya spika ya kwanza ilichomoza ikanigusa kiganja. Ya pili ikanywea.

“Hii yasukuma, ile yavuta. Zinagombana. Redio ni nzima.”

“Nani kakufunza?”

“Nimeishika karatasi, nimeona.”

Baba akaziunga tena, waya za spika ya pili akazigeuza. Dufu likalia mpaka vioo vikatetema.

Nilipoinua mguu kupanda nyuma, baba alinifungulia mlango wa mbele.