Chuma Kisichofuliwa na Mtu

Mama Sumaku alifanya kazi kwenye kiwanda cha misumari miaka thelathini na mmoja, akikagua chuma kabla hakijaingia mashineni. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa kuwa alitembea na sumaku mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso. Alipostaafu, binti yake alimnunulia mashine ya kutafutia vyuma ardhini, na tangu hapo miguu yake haikutulia nyumbani.

Aliomba ruhusa kwa wenye mashamba, akayapita tuta kwa tuta. Kila alichofukua alikisugua kwa mswaki mkuukuu, akakigonga, akasikiliza mlio, akakitaja. Bawaba ya dirisha. Jino la plau. Mumewe, dereva mstaafu asiyeacha jambo lipite bila utani, alimwita daktari wa kutu.

Asubuhi moja mashine ililia mpaka akavua visikizi masikioni. Alichimba mkono ukazama hadi kiwikoni, akatoa donge jeusi la ukubwa wa ngumi mbili, zito hata akalazimika kuketi. Alitafuta alama ya nyundo, akatafuta mshono wa kalibu ya kumiminia chuma. Hakuona kitu ila vishimo vishimo, kama udongo mbichi uliobonyezwa kwa kidole gumba.

"Jiwe hilo, mke wangu," mumewe alisema alipolifikisha nyumbani.

Mama Sumaku akalisogezea sumaku, ikamponyoka mkononi ikanata. Akalipitishia tupa, na chini ya ule weusi pakang'aa.

"Jiwe haling'ai hivi," alisema. "Ila chuma hiki sikijui."

Mumewe hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Wiki nzima jambo hilo lilimkosesha raha mama wa watu, hadi wakapanda basi kwenda chuoni kwa mwalimu wa miamba, dada mpole aliyewakaribisha kama wazazi wake. Alikata kipande chembamba, akakisugua kikawa kama kioo, kisha akakipangusa kwa kitambaa chenye tindikali.

"Subiri, Mama."

Polepole mistari ikajitokeza, myembamba, iliyonyooka, ikikatana kama ukili wa mkeka.

"Nani kakifua hiki?" Mama Sumaku aliuliza.

"Hakuna aliyekifua. Ni kimondo, kimeanguka kutoka angani. Ili mistari hii itokee, chuma kinatakiwa kipoe taratibu mno. Kupoa digrii moja tu huchukua maelfu ya miaka."

Mama Sumaku alivuta kiti. Kiwandani, chuma chekundu kilipoa wao wakinywa chai.

"Kabla hawajawapo watu?"

"Kabla ya watu, Mama, na kabla ya miti."

Mama Sumaku alipitisha kidole juu ya mistari ile, kwa uangalifu kama anayegusa uso wa mtoto aliyelala, na machozi yakamlengalenga. Donge aliliacha chuoni wakalichunguze zaidi. Kipande chembamba alipewa, kikafungwa kwenye kitambaa.

Ndani ya basi alikipakata kwa mikono miwili. Walipokaribia kushuka, mumewe alimwinamia.

"Na sisi wiki nzima tumezuilia mlango wa jikoni kwa donge lile," alisema kwa sauti ya chini.

"Nyamaza kidogo, baba," akamwambia. Naye akanyamaza.